Kunakili Si Wizi Daima

Neno ‘kunakili’ limeingia doa shuleni. Mwanafunzi akiambiwa amenakili, huwa ameshutumiwa kwa udanganyifu, na aghalabu shutuma hiyo ni ya haki. Lakini mwalimu wa sanaa anayemkataza mwanafunzi kuiga kazi ya msanii mkubwa, eti ataua kipawa chake, huchanganya mambo mawili yasiyofanana.

Tumchukue Mholanzi Vincent van Gogh, ambaye hakuna awezaye kumshtaki kwa ukosefu wa ubunifu. Alipoamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, alianza kwa kunakili michoro ya mafunzo ya Charles Bargue pamoja na kazi za Mfaransa Jean-François Millet, mchoraji wa maisha ya wakulima. Kwamba anayeanza huiga si ajabu. La ajabu ni kuwa aliirudia kazi hiyo miaka tisa baadaye, akiwa amekwisha kuchora picha zake mashuhuri za alizeti. Akiwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, alinakili kazi za Millet zipatazo 20.

Alichokuwa nacho mbele yake ni picha za chapa, nyeusi na nyeupe. Rangi alizitafuta mwenyewe. Alimwandikia nduguye Theo kwamba kazi ile aliiona kuwa kama tafsiri, yaani kuhamisha mwanga na giza hadi katika lugha ya rangi. Sisi wanaisimu tunamshukuru kwa mfano huo! Msomaji wa kawaida hulipita neno gumu. Mfasiri hukwama papo hapo mpaka alielewe. Vivyo hivyo, mtazamaji huona tu mkulima anayepanda mbegu, ilhali anayemnakili mkulima huyo hulazimika kujiuliza bega limeinama kiasi gani, mwili umeelemea mguu upi, na kivuli kinakoma wapi.

Wala huu si ughushi. Jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, limewapokea wachoraji wanaonakili tangu lilipofunguliwa mwaka 1793. Masharti yake leo ni wazi: nakala isilingane na kazi asilia kwa ukubwa, wala isitiwe sahihi ya msanii wa kwanza.

Je, mwanafunzi anayekariri insha nzima ya mwenzake na kuimwaga katika chumba cha mtihani? Huyo hajafasiri chochote. Amebeba mzigo asioufungua. Walimu wa lugha tungeweza kumpa kazi nyingine. Achukue aya moja ya Shaaban Robert, ainakili kwa mkono wake, aeleze kwa nini sentensi imekatwa pale ilipokatwa, kisha kwa muundo uo huo aandike kuhusu soko la kwao. Kipindi kimoja kwa wiki kingetosha, na jina la mwandishi wa kwanza liandikwe juu ya ukurasa.