Makampuni Mawili Yanapokuwa Moja: Habari za Sabuni, Majarini na Chai

Mara kwa mara husikika ya kuwa kampuni fulani imeinunua nyingine, au ya kuwa makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana sasa yameungana. Habari hizo hutajwa kwa mamilioni ya fedha, na wengi huzipita upesi wakidhani ni mambo ya matajiri peke yao. Hata hivyo bei ya sabuni dukani, bei ya mazao ya mkulima na kazi ya mchuma chai huweza kubadilika kwa ajili ya karatasi iliyotiwa sahihi katika mji wa mbali. Yafaa basi kujua kwa nini makampuni hufanya hivyo, na mwisho wake huwa nini.

Kwanza ifahamike ya kuwa kampuni ni mali ya wenye hisa. Mtu au kampuni nyingine ikizipata hisa zaidi ya nusu, yenyewe ndiyo itakayoamua nani awe mkurugenzi, kiwanda gani kifungwe na faida igawanywe namna gani. Huko ndiko kununua. Kuungana ni tofauti kidogo: wenye hisa wa pande mbili hutoa hisa zao za zamani na kupewa hisa za kampuni moja mpya. Hayo ndiyo maneno ya sheria. Lakini mara nyingi kinachoitwa kuungana ni kununuliwa kwa heshima, na upande mmoja hujua vema ni nani atakayekaa kitini.

Mfano ulio wazi kuliko mingi ni ule wa Unilever, kampuni ambayo bidhaa zake zimejulikana katika maduka ya Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi.

Katika Uingereza alikuwako mtu aitwaye William Hesketh Lever, mwana wa mfanya biashara ya vyakula wa mji wa Bolton. Mwaka 1885 yeye na ndugu yake walianza kutengeneza sabuni, nayo sabuni yao ya Sunlight ikapendwa sana. Biashara ilipokua, Lever aliona ya kuwa wenye viwanda vya sabuni walikuwa wakitumia fedha nyingi mno kwa matangazo, kila mmoja akijaribu kumnyang'anya mwenziwe wanunuzi. Basi mwaka 1906 baadhi ya wakubwa wa sabuni walipatana kushirikiana: kununua mafuta pamoja na kupunguza gharama za matangazo.

Shauri hilo halikudumu hata miezi michache. Wakati ule mafuta yalikuwa yamepanda bei, na Lever alikuwa amepunguza uzito wa kipande cha sabuni kutoka wakia 16, yaani ratli moja, kuwa wakia 15, bila kupunguza bei. Magazeti, na hasa Daily Mail, yaliwaambia wasomaji kwamba hii ndiyo maana ya umoja wa wenye viwanda: mnunuzi hupunjwa. Akina mama wakaacha kununua Sunlight, na kabla ya mwaka kwisha umoja ule ukavunjwa. Lever alilishtaki gazeti kwa maneno ya kumharibia jina, na mwaka 1907 akalipwa pauni 50,000. Alishinda barazani, lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha onyesha nguvu zao. Baada ya hapo aliwaendea washindani wake wengi kwa njia nyingine. Aliwanunua mmoja mmoja.

Lakini ununuzi mkubwa uliokaribia kumwangusha haukuwa wa kiwanda cha sabuni. Sabuni hufanywa kwa mafuta, na Lever aliogopa siku zote ya kuwa watu wengine watamfungia njia ya kupata mawese. Kwa hofu hiyo alikuwa amekwisha fanya mapatano na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911 apate misitu ya michikichi katika Kongo. Mwanzoni mwa mwaka 1920 akanunua kampuni ya Niger, iliyokuwa na biashara kubwa ya mawese katika Nijeria. Alilipa zaidi ya pauni milioni 8, yaani pauni 6 na shilingi 10 kwa kila hisa ya pauni moja. Na jambo la kushangaza ni hili: vitabu vya hesabu vya kampuni ile havikuchunguzwa ipasavyo kabla ya kununua. Mapatano yalipokwisha ndipo ilipofahamika ya kuwa Niger ilikuwa na deni kubwa kwa mabenki. Mwaka ule ule bei ya mawese ikaanguka. Mali iliyonunuliwa kwa bei ya wakati wa njaa ikawa haina thamani ile tena, na Lever alilazimika kukopa kwa riba nzito ili kampuni yake isife.

Mambo ya namna hiyo yametokea mara nyingi tangu hapo. Mnunuzi akiogopa kutanguliwa na mwingine, huacha kuuliza maswali ambayo hata mtu anunuaye ng'ombe mnadani hangeacha kuyauliza.

Aliyeokoa jahazi alikuwa mtaalamu wa hesabu, Francis D'Arcy Cooper, ambaye baada ya Lever kufariki mwaka 1925 alishika uenyekiti. Alikuta viwanda vingi vya sabuni vilivyokuwa mali ya bwana mmoja, navyo vingali vikishindana vyenyewe kwa vyenyewe, kila kimoja na wachuuzi wake na matangazo yake. Kununua kulikuwa kumekwisha fanyika, lakini kuunganisha hakujaanza. Kazi ya pili ndiyo ngumu kuliko ya kwanza, wala haiandikwi sana magazetini.

Sasa tuvuke bahari hata Uholanzi. Katika mji mdogo wa Oss palikuwa na jamaa mbili za wafanya biashara ya siagi, Jurgens na Van den Bergh. Mwaka 1869 Mfaransa mmoja, Mège-Mouriès, alikuwa amevumbua chakula kifananacho na siagi, kilicho rahisi kwa bei, ndicho kiitwacho majarini. Jamaa zile mbili zikaishika biashara hiyo tangu miaka ya 1870, nazo zikashindana vikali. Mwaka 1908 zilipatana kutia faida zao katika mfuko mmoja na kuigawanya. Badala ya kuleta amani, mfuko ule ulileta ugomvi wa miaka mingi, maana kila upande ulishuku ya kuwa mwenziwe anaficha hesabu. Mwisho wake, mwaka 1927, zikaungana kabisa na kuwa Margarine Unie.

Je, mtu wa sabuni ana shauri gani na mtu wa majarini? Ni mafuta. Majarini ya kwanza ilifanywa kwa mafuta ya ng'ombe, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu waligundua njia ya kuyagandisha mafuta ya maji, hata ya nyangumi, yakafaa kwa sabuni na kwa chakula pia. Tangu hapo Lever na Waholanzi walikutana katika kila soko la mawese, la nazi na la nyangumi, kila mmoja akimpandishia mwenziwe bei. Tena Lever alikuwa amekwisha anza kufanya majarini, na Waholanzi walikuwa na viwanda vya sabuni.

Mazungumzo yao yalianza kwa nia ya kuachana: huyu ashike sabuni, yule ashike majarini. Lakini walipoanza kupima nani atampa nani nini, waliona ni rahisi zaidi kuwa kitu kimoja. Tarehe 2 Septemba 1929 mapatano yakatiwa sahihi, na Unilever ikaanza tarehe 1 Januari 1930. Kwa sababu ya kodi za nchi mbili, haikuwa kampuni moja katika sheria. Zilikuwa mbili, moja ya London na moja ya Rotterdam, zenye wakurugenzi wale wale na zikiwalipa wenye hisa kwa kipimo kimoja. Mpango huo wa ajabu uliendelea hata mwaka 2020, zilipofanywa kampuni moja ya Uingereza.

Kwa wenye hisa, sababu zilikuwa njema. Wakati wa shida uliowapata walimwengu wote miezi michache baada ya mapatano, wafanya biashara wengi walianguka, na Unilever haikuanguka. Ila hesabu za London na Rotterdam hazikuonyesha mambo yalivyokuwa kwa wale waliouza mazao.

Mwaka ule ule wa 1929 kampuni ya Niger iliunganishwa na mshindani wake mkubwa, African and Eastern, zikawa United Africa Company, na Unilever ikawa na sauti ndani yake. Katika Afrika ya Magharibi mkulima ambaye zamani alichukua mzigo wake kwa mnunuzi mmoja, na asiporidhika akaenda kwa wa pili, sasa aliwakuta wote wawili chini ya paa moja. Mwaka 1937 jambo likazidi. Bei ya kakao ilipokuwa ikishuka, United Africa Company na makampuni mengi mengine ya Ulaya yalipatana kugawana kakao ya Gold Coast, nchi iitwayo Ghana tangu 1957, pasipo kushindana kwa bei.

Wakulima hawakuandika barua tu. Walikataa kuuza. Tangu miezi ya mwisho ya 1937 hata Aprili 1938 kakao ilibaki kwa wenyewe, na watu wakaacha pia kununua bidhaa za madukani mwa makampuni yale. Serikali ya Uingereza ilituma tume chini ya William Nowell, nayo ikayalaumu mapatano ya wanunuzi. Makampuni yakasimamisha mapatano, na kakao ikauzwa tena. Baadaye, wakati wa vita, serikali yenyewe ilichukua kazi ya kununua kakao, na mwaka 1947 ikaundwa bodi ya kuuza mazao hayo. Wanawake wa Uingereza na sabuni yao ya wakia 15, na wakulima wa Gold Coast na kakao yao, hawakujuana kamwe. Lakini walitumia silaha moja.

Yafaa kutaja na mwisho wa ndoa ya sabuni na majarini. Mwaka 2018 Unilever iliuza biashara yake ya majarini, pamoja na Blue Band inayojulikana katika kila kijiji cha Kenya, kwa Yuro karibu bilioni 6.8. Watu walikuwa wamepunguza kula majarini katika nchi tajiri, na wenye hisa walitaka faida ikuayo upesi. Kwa hiyo nusu ya sababu iliyoizaa kampuni ile ikauzwa, na jina likabaki.

Habari hizi zinafika hata Kericho. Kampuni ya Brooke Bond ilianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, na jirani yake alikuwa James Finlay. Mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond huko Uingereza, bila wakurugenzi wake kupenda, na mashamba ya Kericho yakapata mwenyeji mpya. Mwaka 2022 Unilever ikauza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai kwa CVC, kampuni ya watu wanaokusanya fedha kununua makampuni na kuyauza tena, kwa Yuro bilioni 4.5. Miaka miwili haikupita, wenyeji hao nao wakapatana kuyauza mashamba ya Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Ubao wa mlangoni ulibadilishwa mara kwa mara, na michai ilikuwa ile ile.

Kwa mfanyakazi, swali si jina la mwenyeji bali ni deni alilonunulia. Aliyelipa bei kubwa hutaka kuirudisha, na njia iliyo karibu ni kupunguza gharama. Mashine za kuchuma chai zilikuwa zimekwisha ingia Kericho kabla ya Browns kuja, na chuki juu yake ilikuwa kubwa hata zikachomwa moto Mei 2023.

Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inaagiza ya kuwa miungano mikubwa ichunguzwe kwanza na Mamlaka ya Ushindani. Mamlaka hiyo haitazami bei peke yake. Hutazama pia kama watu watapoteza kazi, na huweza kuruhusu kwa masharti. Muungano unaogusa nchi kadhaa huweza kufika mbele ya tume ya COMESA, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2013. Umoja wa sabuni wa 1906 na mapatano ya kakao ya 1937 hayakukutana na mlinzi wa namna hiyo mlangoni.

Na katika Kericho kuna jambo moja zaidi la kutazamwa. Browns ilikuwa imekwisha patana mwaka 2023 kuyanunua mashamba ya chai ya Finlay. Kwa muda wa karibu miaka 100 mchuma chai aliyegombana na msimamizi wa upande mmoja aliweza kuvuka barabara akaomba kazi upande wa pili. Baada ya mapatano ya 2024, pande zote mbili za barabara zikawa za mwenyeji mmoja, aliye Colombo.