Moshi mweupe nyuma ya gari: tazama haya kabla hujakubali hedi ifunguliwe

Gari kuukuu likianza kutoa moshi mweupe, kila mtu barazani huwa fundi. Mmoja atakwambia gasketi ya hedi imekufa, mwengine ataapa ni ringi, wa tatu atakuuliza umetia mafuta kituo gani. Ukifika gereji, wapo mafundi ambao wakisikia tu neno "moshi" mkono unakwenda kwenye spana. Na injini ikishafunguliwa haifungwi bure. Kwa mwenye teksi, au Probox ya kubebea samaki na mboga, hizo ni siku kadhaa bila mapato na deni juu yake. Ndiyo maana naona ni haki ya mwenye gari kujua moshi huo unatoka wapi kabla ya kukubali lolote.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui: kila injini ya petroli hutengeneza maji. Petroli ina haidrojeni ndani yake, na ikiungua pamoja na hewa haidrojeni hiyo hugeuka maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, ila hutoka kama mvuke. Bomba la moshi likiwa baridi, mvuke huo huganda kuwa matone, ukaona ukungu mweupe na pengine maji yakidondoka. Bomba likipata moto ukungu hupotea. Mtu wa Mombasa akilala Limuru mwezi wa Julai, asubuhi atayaona magari yote yakipumua hivyo, mapya na makuukuu, na kama hajui atadhani lake limeharibikia njiani. Huku kwetu joto halituachi hata alfajiri, kwa hiyo ukungu huo ni mwembamba na ni wa dakika chache tu. Gari linalofuka moshi mweupe saa saba mchana pale Kongowea, injini imeshapata moto sawasawa, hilo halina kisingizio cha baridi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la saa: moshi unaanza lini na unakoma lini? Ukitoka ukiwasha asubuhi na ukaisha kabla hujafika barabara kuu, na maji hayapungui, achana nao. Ukiendelea nusu saa baadaye, mzito, unaning'inia hewani nyuma yako, basi kuna kitu kinaingia kwenye silinda ambacho hakikustahili kuwamo.

Mara nyingi kitu hicho ni maji ya rejeta. Vitabu vya magari husema utayajua kwa harufu tamu, kwa sababu kulanti ina kemikali yenye utamu. Lakini hapa kwetu magari mengi makuukuu hayana kulanti, yana maji ya mfereji au ya kisima, na maji hayana harufu yoyote. Usiutegemee mtihani huo, wala usipeleke pua kwenye bomba kunusa, kwani moshi huo una hewa ya sumu hata ukiwa hauonekani.

Mtihani ninaouamini ni wa kipimo cha maji, nao hauna gharama. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta ujaze mpaka juu, na ile chupa ya akiba uitie alama kwa kalamu. Endesha kama kawaida siku mbili au tatu, kisha upime tena, injini ikiwa baridi vile vile. Nasisitiza baridi. Maji ya rejeta ya moto yamefungiwa kwa shinikizo, na kifuniko kikifunguliwa huruka usoni. Kama maji yamepungua, tazama chini ya gari, tazama pampu ya maji na mipira yake, kisha inua zulia la upande wa abiria, kwa maana mtambo wa joto wa ndani ukivuja hulowesha hapo. Ukikuta kote kukavu na maji bado yanapotea, yanapotelea ndani ya injini.

Dalili nyingine hukaa karibu na hiyo. Injini baridi, kifuniko cha rejeta kiko wazi, mwambie mtu awashe: mapovu yakija mfululizo bila kukoma, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye njia ya maji. Zima papo hapo maji yakianza kupanda. Au ushike mpira wa juu wa rejeta dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi. Ukiwa umeshakuwa mgumu kama jiwe kabla maji hayajapata joto, shinikizo hilo halitoki kwa maji. Oili nayo ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, hakuna la kubishana. Lakini ule utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi. Gari la kutoka Tudor hadi Makupa na kurudi kila siku halipati moto wa kutosha kukausha unyevu wake, na unyevu hapa kwetu tunao wa kugawa.

Fundi mwenye vifaa ana zaidi ya hayo. Kuna chombo kidogo chenye maji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: gesi ya silinda ikipita, buluu hugeuka manjano. Kuna geji ya kupima mgandamizo wa kila silinda, na pampu ya kusukuma shinikizo kwenye rejeta. Plagi zikitolewa, moja ikiwa safi ajabu kuliko wenzake, silinda hiyo imekuwa ikisafishwa kwa mvuke. Muombe fundi akuonyeshe walau mojawapo ya hayo kwa macho yako.

Sasa kuna vitu vingine vinavyofanana na maji. Moshi wa oili una ubuluu ndani yake na hunuka mafuta yaliyoungua, ingawa kwenye jua kali la mchana jicho linaweza kuuita mweupe. Utazame mbele ya kivuli au ukuta mweusi. Ukitoka kwa wingi unapowasha gari lililolala kisha ukapungua, mara nyingi ni raba za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, shuku ringi. Gari la dizeli nalo lina mambo yake: moshi mweupe unaowasha macho asubuhi na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yasiyoungua, kwa sababu ya plagi za joto, nozeli, au injini iliyochoka mgandamizo.

Kimoja husahaulika sana, nacho ni cha hatari: mafuta ya breki. Raba ya nyuma ya masta silinda ikichoka, mafuta huingia kwenye busta ya breki, na injini huyavuta kwa ule mfyonzo wake ikayachoma. Moshi wake ni mweupe na mzito, nje hakuna tone. Basi kabla hujalaumu hedi, tazama kichupa cha mafuta ya breki. Kikiwa kinapungua bila kuvuja popote, usilitoe gari hapo mpaka litengenezwe.

Tukirudi kwenye gasketi, haifi hivi hivi. Huuawa na joto, na joto tunalipikia wenyewe. Fikiria foleni ya feri ya Likoni: gari limesimama, injini inanguruma, hakuna upepo wa kupita kwenye rejeta isipokuwa wa feni. Feni ikiwa na kasoro, hapo ndipo geji hupanda. Kifuniko cha rejeta kilicholegea huongeza balaa, kwa sababu kazi yake ni kufungia shinikizo ili maji yasichemke yakifika digrii 100; kifuniko kizima huyafikisha 115 na kupita. Ni kitu cha bei ndogo, lakini utaona watu wanakifunga kwa mpira na kamba.

Kisha kuna maji yenyewe. Visima vyetu vingi karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hula hedi ya aluminiamu na kuziba vijia vya rejeta. Mtu anajaza maji ya kisima mwaka mzima halafu anashangaa gari linachemka. Kulanti huzuia kutu, haipandishi joto tu la kuchemka. Na hii tabia ya kung'oa thamostati "kwa sababu huku ni joto" mimi siiungi mkono. Thamostati hufunguka maji yakifika digrii themanini na kitu, kisha haizuii chochote. Ukiing'oa, injini hukimbia baridi barabarani na kunywa mafuta zaidi, na kwenye foleni ya feri itachemka vile vile kama feni ni mbovu.

Ikiwa imethibitika kuwa maji yanaingia silindani, acha kuendesha. Maji hayagandamizwi kama hewa. Yakijaa kwenye silinda usiku kucha, asubuhi ukiwasha pistoni inagonga ukuta na konrodi inapinda, na hapo bei ya gasketi utaikumbuka kwa uchungu. Zile dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta naziona ni za kufikisha gari gereji tu, maana huziba na pale pasipofaa.

Anayenunua gari la mkononi ajihadhari na muuzaji aliyeliwasha kabla hajafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi na usikie atajibu nini. Kuficha aibu ya kitu unachokiuza ni dhuluma, na wapo wanaoifanya huku wanakukaribisha chai.

Na hedi ikifunguliwa, simama hapo. Ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda, ipelekwe mashine kusawazishwa na kupimwa nyufa kwa shinikizo, kwani gasketi mpya juu ya hedi iliyopasuka ni pesa iliyotupwa baharini. Bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio wa kiwanda kuanzia katikati kwenda nje, na zile za aina ya kutumika mara moja zinunuliwe mpya. Halafu muulize fundi ni nini kilichoichemsha injini mara ya kwanza. Kama hana jibu, feni, rejeta na pampu ya maji zikaguliwe kabla hajakukabidhi ufunguo.