Mashine ya jikoni ya riali 90: ununue au uache?

Ndugu zangu mlioko Oman, mashine moja inayosaga, kukanda na kupika inavutia kumtumia mama. Lakini kwa wengi wetu hiyo ni jasho la mwezi mzima. Piga hesabu kwanza.

Tuseme pamoja na usafirishaji ni riali 90. Akiitumia mara 3 kwa wiki, miaka 2 ni mara 312: kila mara ni kama baisa 290. Akiitoa kabatini mara 10 tu, kila mara ni riali 9!

Volti haina shida, kwetu na Oman ni 230 hadi 240. Ila mpigie umuulize: umeme unakatika sana? Fundi na spea zipo? Kama ni kusaga nazi tu, blenda inatosha. Inayobaki weka akiba.