Triathloni ya kwanza: anza na maji

Hapa kwetu, anayejiandaa kwa triathloni ya kwanza mara nyingi ni mkimbiaji. Pengine amemaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, baiskeli ameizoea tangu utotoni, na anaona kilichobaki ni kujifunza kuogelea. Basi anakimbia mara nne kwa wiki kwa kuwa ndicho akipendacho, na bwawani anakwenda Jumamosi akipata nafasi.

Kwa hesabu ya dakika, anaonekana hajakosea. Mashindano ya umbali mfupi ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Katika saa moja na nusu au zaidi ya mwanagenzi, maji huchukua kama dakika 20 tu. Lakini barabarani ukichoka unatembea. Pumzi ikikuvurugikia mita 200 kutoka ufukweni, hakuna pa kuweka mguu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba miezi miwili ya mwanzo, nusu ya mazoezi iwe majini, hata kama kasi ya mbio itapungua.

Waanzilishi wa mchezo huu nao walikuwa wakimbiaji. Klabu ya riadha ya San Diego, Marekani, ilipoandaa triathloni pale Mission Bay mnamo Septemba 1974, washiriki 46 walianza kwa kukimbia, wakaogelea mwishoni. Leo maji hutangulia kwa ajili ya usalama, ili mtu asiingie majini akiwa hoi na misuli imeanza kumkaza.

Kinachomshinda mwanagenzi ni pumzi kuliko mikono. Uso ukiwa majini anaibana, kisha akigeuza kichwa anataka kuitoa na kuvuta nyingine papo hapo. Muda haumtoshi. Mita 25 tu, anahema kuliko aliyepanda mlima. Dawa ni kutoa pumzi taratibu, mfululizo, uso ungali majini, ili ukigeuka kazi iwe moja tu: kuvuta. Simama maji yakiwa kifuani, urudie hivyo siku baada ya siku mpaka mwili uzoee, ndipo uongeze umbali. Wala usione haya kuogelea mtindo wa chura. Kanuni zinaruhusu mtindo wowote, na zinaruhusu pia kushika boya au chombo kilichosimama ukapumzika, mradi usikitumie kusonga mbele. Kila mwanagenzi angeambiwa hilo mapema, woga mwingi ungeisha.

Bwawa peke yake halitoshi. Baharini hakuna mstari wa kukuongoza chini, kwa hiyo zoea kuinua macho kila baada ya mikupuo kadhaa utafute alama ya mbele. Kwa wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ratiba ya mazoezi ifuate maji: siku za bamvua, kujaa na kupwa hutofautiana kwa takriban mita 3 na mikondo huwa mikali, lakini maji mafu humfaa anayejifunza. Waulize wavuvi wa hapo. Na kamwe usiingie peke yako.

Baiskeli isikutie gharama; yoyote iliyo imara na yenye breki nzuri inatosha. Helmeti ndiyo isiyo na mjadala: ifungwe kabla hujaigusa baiskeli, isifunguliwe mpaka umeirudisha mahali pake. Mara moja kwa wiki, ukishuka baada ya saa moja ya kuendesha, vaa raba hapo hapo ukimbie dakika 10 au 15. Miguu itakuwa mizito, kana kwamba si yako, kwa sababu misuli ingali katika mwendo wa pedeli. Usitafute kasi, iache izoee kubadili kazi.

Ukifika mahali pa kuogelea mita 1,000 bwawani bila kushika ukuta, kisha ukamaliza 750 baharini ukiwa na mwenzako, nenda kajiandikishe.