Je, akili mnemba inaweza kukudaia madeni yako ya dukani?

Wiki chache zilizopita tulizungumza hewani kuhusu akili mnemba, ile ambayo wengine huiita akili bandia. Kipindi kilipoisha tu, mama mmoja mwenye duka la pembejeo pale Igamba akatutumia ujumbe. Aliandika kwamba ana wateja karibu 40 waliochukua mbolea na dawa kwa mkopo tangu mvua za kwanza, wakaahidi kulipa wakiuza kahawa au mahindi. Daftari lake lililowa, kurasa nyingine hazisomeki, na yeye anadaiwa na mwenye duka la jumla. Akauliza: "Hiyo akili yenu inaweza kunidaia?"

Swali zuri, na jibu lake si ndiyo wala hapana.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Ukinunua umeme wa LUKU, unalipa na papo hapo unapata namba zenye tarakimu 20. Hakuna mtu aliyekaa ofisini kukuandikia. Ni mashine inayofuata kanuni: pesa ikiingia, toa namba. Huo ni mfumo wa kujiendesha. Hauna akili yoyote, unatii tu. Akili mnemba ni kitu kingine: programu iliyojifunza kutokana na mifano mingi sana hadi ikaweza kukisia, kwa mfano kusoma mwandiko kwenye picha, au kukadiria nani atalipa mkopo na nani hatalipa. Nasema kukisia kwa makusudi. Tutarudi hapo.

Sasa, pesa ya duka huvuja wapi? Mara nyingi mauzo yapo. Pesa inapotea njiani, kati ya siku mzigo unapotoka na siku fedha inapoingia. Mteja analipa 50,000 leo na 30,000 baada ya wiki tatu, nyingine anampa kijana anayekaa dukani, na mwisho hakuna anayejua kilichobaki ni kiasi gani. Serikali nayo ilikuwa na shida ya namna hiyo, na mwaka 2017 ikaanza kutumia mfumo wa malipo wenye kumbukumbu namba, ile tunayoiita "control namba". Hakuna maajabu ndani yake. Kila deni linapewa namba yake, kwa hiyo pesa ikiingia inajulikana inalipa deni gani. Basi.

Dukani unaweza kufanya hivyohivyo hata kwa kitochi. Mpe kila mdaiwa namba, kuanzia 01. Mzigo ukitoka, mtumie ujumbe mbele yake: "Namba 14. Leo umechukua mifuko 3 ya mbolea, jumla 210,000. Utalipa kabla ya tarehe 31 Agosti. Jibu NDIYO." Akijibu, mna maandishi pande zote mbili, na mvua haiwezi kuyalowesha. Malipo yakipitia lipa namba, ujumbe wa muamala unakuja na jina, kiasi na tarehe. (Usiutegemee ujumbe peke yake. Kuna matapeli wanaotuma meseji za uongo zinazofanana kabisa na za kweli. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kuachia mzigo.)

Mwenye simu janja anaweza kusonga mbele kidogo. WhatsApp ya biashara ni ya bure, na inakuwezesha kuwawekea wateja alama, kama "anadaiwa" au "amemaliza", na kuhifadhi ujumbe ambao huhitaji kuuandika upya kila mara.

Na akili mnemba je? Nilijaribu mwenyewe. Nilichukua ukurasa wa daftari la deni la nyumbani, nikaupiga picha na kuipa programu moja ya bure, nikaiambia kwa Kiswahili iupange kwa majina na kujumlisha. Ndani ya dakika moja ilikuwa imemaliza, na kwa mpangilio safi kuliko wangu. Tatizo, saba yangu ilisomwa kama moja. Deni la 70,000 likawa 10,000, na jumla ikatoka kwa ujasiri kabisa, bila hata neno la kusema haina uhakika. Ndiyo maana nikasema inakisia. Itumie kupanga, kisha pitia kila mstari na daftari mkononi. Na kabla hujapiga picha, funika majina na simu za wateja, acha zile namba zao tu. Madeni ya watu ni siri zao, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuna kazi moja ambayo mimi binafsi nisingeiachia mashine: kuamua nani akopeshwe. Mashine zinaifanya tayari, tena kwenye simu yako. M-Pawa ilianza nchini mwaka 2014, na leo kuna huduma kama Songesha inayokuongezea pesa salio lisipotosha kukamilisha muamala. Hakuna ofisa anayekufahamu pale. Kiwango chako kinatokana na jinsi unavyoitumia simu yako na unavyorejesha. Sasa fikiria mkulima wa Mbozi. Pesa yake kubwa huingia kwa msimu, kahawa ikiuzwa. Miezi mingine simu yake iko kimya. Mashine inaona ukimya. Mama wa Igamba anaona shamba lenye maua, anajua huyu alilipa hata mwaka ule bei ilipoanguka, na yule mwenye miamala mingi kila siku hajawahi kulipa kwa hiari. Hayo hayamo kwenye simu ya mtu. Sheria niliyoitaja nayo inampa mtu haki ya kupinga uamuzi mzito unaomhusu kutolewa na mashine peke yake, kwa hiyo ukinyimwa huduma kwa namna hiyo, una haki ya kuuliza.

Mama aliuliza pia kama simu inaweza kuwatumia wadaiwa ujumbe wa kukumbusha bila yeye kugusa kitu. Inawezekana, zipo programu za kutuma meseji kwa wengi kwa tarehe uliyopanga. Nilimshauri asianze huko. Mashine haijui kwamba namba 22 amefiwa jana na watu wako msibani. Simu imkumbushe yeye kwanza, kwa kengele ya kalenda, halafu yeye ndiye atume.

Alianza na wadaiwa wa msimu huu, mmoja mmoja, kwa kitochi chake. Siku ya tatu alinipigia. Kumi na mmoja walikuwa wamejibu NDIYO. Mmoja alijibu kwamba mifuko miwili alishailipa tangu Machi, fedha taslimu, akampa mwanawe dukani. Mama akamwita kijana, na kijana akakumbuka.