SHA Yako Haimlipii Mama: Mpangie Mzazi Mapema

Kila mwezi unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na unaamini mama kule Burat akilazwa, SHA yako italipa. Pole, haitalipa. Mchango wako ni wako, mke au mume wako na watoto wenu. Mzazi anahesabiwa kuwa na kaya yake: anasajiliwa kivyake na mchango wake unalipwa kivyake.

Kwa nini usingoje augue?

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kusajiliwa tu kunampa mzee huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Lakini akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo alazwe, lazima mchango wake uwe umelipwa. Na asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, hivyo Sh3,600 kwa mwaka. Kuzitafuta usiku mmoja ndiko huwafanya watu wauze mbuzi kwa bei ya kutupa.

Fanya hivi:

1. Msajili. Piga *147# ukiwa na kitambulisho chake na simu yake. Tumia laini yake mwenyewe, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha utaingia huko.

2. Jibuni maswali ya kipato kwa ukweli. Kiwango cha mchango hutokana na majibu kuhusu nyumba anamoishi: paa, kuta, maji, choo, anachopikia. Eleza boma lake, si nyumba yako ya Nairobi. Usifiche, usiongeze.

3. Weka kidogo kidogo. Kama ana miaka 70 au zaidi na yuko kwenye Inua Jamii, anapata Sh2,000 kwa mwezi. Akitenga Sh300 kila mwezi, mwaka ukiisha ana Sh3,600. Kama hayuko, mwulize chifu kuhusu usajili. Ndugu nao wanaweza kuchanga: watoto wanne, kila mmoja Sh75 kwa mwezi. Hiyo ni chini ya bei ya soda mbili!

4. Lipa kwa namba ya kitambulisho chake. Hapa ndipo wengi huteleza. Ukiweka namba yako, pesa inaingia kwenye akaunti yako, na mama anabaki bila. Soma namba mara mbili kabla ya kuweka PIN, kisha hifadhi ujumbe wa malipo.

Ikiwa Sh3,600 kwa mpigo ni nzito, kuna Lipa SHA Pole Pole kupitia *147#. Huo ni mkopo wa kulipia mchango, kwa hiyo soma masharti kwanza.

Usisahau hili

SHA hulipia matibabu. Mtu wa kumpikia mzee, kumwogesha na kulala naye bado ni jukumu la familia. Mchango wa ndugu wa kumlipa mtunzaji uwe mfuko wa pili, msiuchanganye na wa SHA.

Na yeyote akipiga simu akiomba PIN ya mama "ili amsajili SHA", mkate simu. Ni tapeli.

Leo jioni mpigie mama. Swali la kwanza: kitambulisho chake kiko wapi?