Kidonge Kilekile, Mwili Mwingine

Mzee hataki kula. Kichefuchefu hakimwachi, jioni huchanganyikiwa, na taa ya sebuleni anaiona imezungukwa na umanjano. Nyumbani watasema ni malaria, au ni umri tu. Mimi huomba kwanza nione mfuko wake wa dawa, kisha humshika kifundo cha mkono nikahesabu mapigo. Yakiwa chini ya 50 kwa dakika, na mfukoni mna digoksini, shaka yangu ya kwanza ni kwamba dawa ya moyo imemzidi.

Na huenda hajakosea dozi hata siku moja.

Digoksini hutokana na mimea ya jamii ya dijitalisi, ambayo daktari Mwingereza William Withering aliiandikia kitabu mwaka 1785. Kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno. Figo ndizo huitoa kwa sehemu kubwa: zikiwa nzima, nusu yake huondoka kwa siku moja na nusu hadi mbili, zikichoka sana, huchukua siku nne au tano. Kidonge cha leo kinakikuta cha juzi bado kimo.

Uzee hupunguza pia misuli, na misuli ndiyo ghala kuu la dawa hii. Ghala likipungua, dawa hubaki kwenye damu. Hapo hata wataalamu hupotoshwa, kwa kuwa kreatinini tunayoipima kujua hali ya figo ni taka inayotoka kwenye misuli hiyohiyo. Mzee aliyekonda huzalisha kidogo, basi karatasi ya maabara huonyesha "kawaida" ilhali figo zimeshapoteza nguvu nyingi. Ndiyo maana nasisitiza hesabu ifanywe kwa umri na uzito wake.

Mara nyingi mzee huyohuyo anameza furosemaidi kwa ajili ya uvimbe wa miguu. Humtoa maji pamoja na potasiamu, na potasiamu ikishuka, digoksini huushika moyo kwa ukali zaidi. Kuhara siku mbili tu kunaweza kumfikisha hapo.

Wazee wengi hutoshwa na nusu ya kidonge cha mikrogramu 250, au pungufu. Lakini uamuzi huo si wa familia: dawa ikiachwa kiholela, moyo waweza kwenda mbio tena na mapafu yakajaa maji. Dalili nilizozitaja mwanzoni zikitokea, mfikisheni hospitali siku hiyohiyo kabla ya kidonge kinachofuata, na mbebe dawa zake zote, za dukani na za mitishamba pia.